Taa Iliyogoma Siku ya Harusi

Gari langu kuukuu lilikuwa na taa za kujificha: ukiwasha, zinachomoza kwenye boneti kama macho ya chura. Jioni moja, pale mtaa wa Tanambao, mjini Mahajanga, nilikuwa nimempakia bibi harusi, na taa ya kushoto ikagoma. Giza linaingia, na gari la jicho moja polisi hawalipitishi. Nikabadilisha fyuzi. Nikakagua waya. Nikazungusha mota kwa mkono. Kifuniko cha taa kikainuka kidogo, kikarudi.

Shangazi wa bibi harusi akashuka.

"Fundi, shule uliishia darasa la ngapi?"

"La tano, mama."

"Inaonekana."

Akafungua utepe wa harusi niliokuwa nimeukaza mwenyewe juu ya kifuniko, kwa fundo la kufungia mbuzi. Taa ikaruka juu. Bwana harusi hakusubiri sana.