Bomoa Ukuta, Nyumba Uniachie

Mimba zangu zote ziliharibika zikiwa changa. Kwetu Wasagara ukoo hufuata mama, na mimi ndiye binti pekee aliyebaki katika nyumba yetu, nisipozaa, tumekwisha. Kwa hiyo niliposikia kwamba hospitali moja ya misheni, mbele ya Dumila, imepata daktari wa upasuaji wa kizazi, usingizi ulinipaa kwa furaha.

Alfajiri, Mikumi. Mimi na mume wangu Daudi tulipanda basi la mtu binafsi, maana biashara ilikuwa imeachiwa huru na mabasi sasa ndiyo yaliyogombea abiria. Njia panda ya Kisanga akapanda Mjomba Yohana, kaka wa mama, mwenye kauli juu yangu. Daudi alimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akijipenyeza kukaa katikati yetu. Nilicheka kimoyomoyo.

Kilosa tulibadili gari. Dumila tulikula mahindi ya kuchoma kando ya marundo ya mitumba, nami nikajikaza nisitazame nguo za watoto.

Mchana, hospitalini. Daktari, mama wa makamo, aliinua picha yangu ya eksirei dirishani. Alieleza kwamba nilizaliwa hivyo: kizazi changu ni chumba kimoja kilichokatwa na ukuta katikati, na mimba ikijishikiza ukutani haipati damu ya kutosha. Ukuta ungeweza kuondolewa. Nilitaka kuruka! Akauliza azungumze na nani kuhusu upasuaji. Daudi akasimama. Mjomba naye akasimama, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba wanawake wakipasuliwa hutolewa kizazi chote.

"Bomoa ukuta, binti yangu," Mjomba alimwambia daktari, "lakini nyumba uniachie."

"Hata mimi naitaka hiyo nyumba, mzee," daktari alimjibu. Kisha akanigeukia. "Na wewe mwenye tumbo, unasemaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Kurudi nyumbani baada ya upasuaji kulikuwa kwa taratibu, mshono ukinichoma kwenye kila shimo la barabara. Niliambiwa nisishike mimba kabla sijapona sawasawa, na nikishika, nirudi kujifungua kwa upasuaji. Njia nzima niliwaza jinsi nilivyolaumiwa miaka yote kwa ukuta ambao sikuujenga.

Nilirudi kweli, safari hii na tumbo mbele. Binti! Tukampa jina la bibi, mama yake Mjomba. Mzee alipoingia wodini alivua kofia, akainama kitandani.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mtoto akapiga chafya, na Mjomba akaridhika kwamba ameitikiwa.