Barua Yenye Kasoro Moja

Ami yangu alikuwa na ghala la mbata, zile nazi kavu, karibu na bandari ya zamani, na mimi ndiye niliyekuwa mpiga chapa wake. Katika miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, msichana wa Mji wa Kale kukaa mbele ya mashine ya chapa lilikuwa jambo la kunong'onezwa vibarazani, lakini kwa kuwa tajiri wangu alikuwa nduguye baba, wanong'onao walichoka mapema. Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa barua za sifa za watu waliokwisha kutoka kwetu. Ami hutamka kwa Kiswahili huku anakunywa kahawa, nami naigeuza Kiingereza.

Nasema barua, lakini kwa kweli ilikuwa moja tu. Mtu mwema, mwaminifu, mcha Mungu, huamka mapema. Mlinzi aliyekuwa akikoroma mpaka paka wanahama alipewa hiyo. Hamali aliyegombana na kila mtu, hata na punda wa mkokoteni, alipewa hiyo hiyo. Nikimuuliza, Ami husema kuwa amsitiriye mwenziwe naye husitiriwa, na kwamba mtu akishatoka mlangoni kwako, aibu zake zabaki kwako kama amana. Nami nilikuwa na ulimi mwepesi, nikamwambia paka nao wana haki zao. Alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Mtu mmoja tu ndiye aliyestahili sifa zile zote, karani wetu wa mizani, kijana wa Majengo, na huyo ndiye aliyeondoka kwa ugomvi. Siku moja muuzaji kutoka Lamu alileta mbata zake. Ami akainama penye mizani, akasema frasila sita. Miwani alikuwa hataki kuisikia. Alisema ni ya wazee, naye ana wajukuu saba. Karani akasema kwa sauti, mbele ya mgeni, kwamba ni tisa. Mgeni akatazama chini. Ami, ambaye maishani mwake hakumpunja mtu hata kokwa ya tende, akaonekana mwizi ndani ya ghala lake mwenyewe. Hakumfukuza karani. Alimnunia tu, siku tatu nzima, hata salamu akiitikia kooni. Siku ya nne karani hakuja.

Baada ya miezi nikasikia anabeba mizigo ya abiria Mwembe Tayari, na mkewe ana mimba ya kwanza. Kisha ikatokea nafasi ya karani wa mizani kwenye ghala moja kubwa upande wa Kilindini, akatuma mtu kutuomba barua. Ami hakusita, alimpa ileile, neno kwa neno. Nilifurahi, nikadhani mambo yamekwisha.

Wiki iliyofuata akaja mkuu wa ghala hilo mwenyewe, bwana wa bara, mpole, viatu vinang'aa. Ami alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Mgeni akaniwekea mezani barua nne, zote nimezipiga mimi, zote sawa isipokuwa jina. Watu watatu wa kwanza alikwisha kuwaajiri. Mmoja wao alikuwa yule mlinzi.

"Dada," akasema, "barua za nyumba hii ni kama nyimbo za harusi. Sijapata kusikia bibi harusi mbaya."

Akaniambia atachagua karani kesho kutwa asubuhi, na huyu wa nne atamchukua iwapo tu ataletewa barua yenye kasoro moja ya kweli. Watu wasio na kasoro, alisema, wamemchosha.

Niliona haya mpaka masikioni, kisha nikakasirika, maana mkweli wetu ndiye angeadhibiwa kwa sifa tulizowagawia wavivu. Ami aliporudi nilimweleza yote pasipo kupamba. Akasema yeye hawezi kuandika aibu ya mtu. Nikamwambia basi aandike ya kwake. Sikupata kumjibu hivyo kabla ya siku ile, wala sijui ujasiri niliupata wapi. Alikaa akizungusha kikombe kitupu, nami nikaogopa kuwa zamu yangu ya kununiwa imefika.

"Muungwana akivuliwa nguo huchutama," akasema mwishowe. "Tia karatasi."

Akatamka polepole. Mtu huyu ana kasoro moja, humsahihisha tajiri wake mbele ya wageni. Mimi nilisoma sita, yeye akasema tisa, na ilikuwa tisa. Sikumshukuru mpaka leo.

Nilipiga chapa huku nacheka na machozi yanitoka. Nilimpenda ami yangu siku ile kuliko siku zote.

Barua hiyo ndiyo iliyompa karani kazi, lakini ninachokikumbuka zaidi ni kabla hatujaifunga. Ami hakutaka kumtuma mtu. Jioni tulikwenda Majengo wenyewe, akaniamuru nimsomee karani yote, kwa Kiswahili, kama ilivyotamkwa. Karani alisikiliza amesimama mlangoni, bega limechubuka kwa mizigo, na mkewe nyuma yake. Nilipomaliza akasema yeye naye alikosa, angalimwita mzee pembeni akamnong'oneza.

"Ungalininong'oneza nisingalisikiza," akasema Ami. "Twaa, mwanangu."