Marcelline hamfundishi mbwa bila mwenye mbwa

Asubuhi mtaa wa Muhumba ungali na ubaridi wa ziwani, na Marcelline Nabintu tayari ameketi kwenye nyasi za watu, miguu ameinyoosha kana kwamba amekuja kupiga soga. Mbele yake mbwa mkubwa mwekundu, Kaporali, ananguruma chini ya ngazi.

"Papa Pascal, tupa ile fimbo inje," anasema bila kugeuka. "Kisha ukuye tuikale hapa chini."

Pascal, mwenye nyumba, anasita na fimbo yake mkononi. Juzi Kaporali alimng'ata mkono binti yake, Aimée, na ndugu wote wameamua mbwa auawe. Pascal ameomba nafasi hii moja tu. Marcelline akishindwa, mambo yamekwisha.

Mama huyu wa miaka arobaini na miwili alianza kama mpishi wa chakula cha mbwa kwenye kampuni ya ulinzi. Walimu wa huko waliwafungia mbwa gizani na kuwachapa ili wawe wakali.

"Mbwa zilikuwa zinatii, lakini zinatetemeka," anasimulia. "Mbwa ya woga leo inauma mwizi, kesho inauma mutoto. Haichague."

Alipoachishwa kazi, alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba na njia yake ya upole. Mbwa akifanya vema anapewa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Akikosea, hapati kitu. Wengi walimcheka, mwanamke mzima, kazi yake mbwa! Hata sasa kuna miezi anabaki na wateja wawili, na kodi ya nyumba inamkaba koo.

Kinachowakimbiza wateja hasa ni sharti lake. Watu wamezoea kumpeleka mbwa kwa fundi kama redio mbovu, wamfuate akishapona. Marcelline hakubali. Mwenye mbwa lazima aje, akae, ashike kamba mwenyewe.

"Mutu akikuambia 'niachie mbwa, usikuye kuangalia', rudi nayo kwako," anashauri. "Umuulize: ikikosea, unaifanya nini? Pale utamujua."

Anatamani kupata kiwanja chenye ukuta, watu waje na watoto wa mbwa kabla hawajawaharibu.

Pascal anaitupa fimbo, anaketi. Baada ya kitambo Kaporali anatambaa, tumbo likiburura nyasi, ananyakua samaki. Pascal anainua mkono kujikuna kichwa tu. Mbwa anajikunyata hadi mkojo unamtoka.

"Kumbe ni mimi anaogopa," Pascal anasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, papa."

Inaumiza kumtazama baba wa watu akilielewa jambo la namna hiyo mbele ya wageni. Lakini hakuinuka kwenda zake. Kesho yake alirudi kuketi palepale, na keshokutwa pia.

Wiki iliyofuata tunawakuta tena kwenye nyasi. Kaporali anachukua samaki, anasogea kidogo, analala na kuwageuzia kisogo. Uso wa Pascal unasawajika.

"Ona, maman. Hataki hata kuniangalia."

"Hapana, papa. Mbwa yenye kukuogopa haiwezi kukupa mugongo."

Pascal anafunika uso kwa viganja. Mlangoni amesimama Aimée, mkono wake bado una bandeji.

"Papa, tutaibakisha?"

Pascal anajipangusa macho kwanza.

"Kesho tutaikala hapa tena," anamjibu. "Na wewe ukuye, lakini ukae nyuma yangu."