Mtama wa Bagika na Mtama wa Bagalu

Wenzangu wa rika langu, mliokwenda shule jembe begani na kibuyu mkononi, mtanielewa. Siku hizi mtoto anabeba begi kubwa kuliko mgongo wake, ndani mna chapati na chupa ya maji baridi, na bado anarudi nyumbani amechoka. Sisi tulifunga michembe kwenye kona ya kitambaa, tukatafuna viazi hivyo vikavu njia nzima mpaka taya zinauma, na maji tulikunywa lamboni pamoja na ng'ombe. Tukakua. Mimi nimeishia darasa la nne, na leo ukifika Nyasubi ukaulizia mashine za kusaga za Mama Kabula, ndiye mimi, utaonyeshwa. Sijivuni, nasema kilichopo.

Hilo darasa la nne ndilo nataka kuwasimulia, maana mwaka ule nusura tuhame. Ilikuwa kabla watu hawajakusanywa vijijini. Mtama wa baba ulikuwa umekataa misimu mfululizo kwenye ule udongo wetu wa kichanga, na mama alikuwa anakwenda kuhemea nafaka mbali, anarudi na debe moja kichwani na miguu imevimba. Baba akasema mvua zikiisha tunaswaga ng'ombe tunakwenda Geita, kwenye ardhi mpya. Hayakuwa maneno ya pombe, majirani walikuwa wanahama kweli. Lakini kule alikokusudia hapakuwa na shule, na mimi nilikuwa nimeanza kuipenda shule kama mtu anavyopenda ngoma.

Aliyenipendesha ni Mwalimu Gaspari, kijana wa Kisumbwa kutoka Ushirombo, ambaye Kisukuma chake kilituchekesha mpaka tukashika mbavu. Walimu wengine ukiwauliza swali ulipata jibu au kiboko. Huyu ukimuuliza, naye anakuuliza. Siku moja, nikitafuta cha kutuzuia tusihame, nikasimama nikamwambia, "Mwalimu, zizini kwetu samadi imejaa mpaka magotini, lakini baba hataki kuipeleka shamba. Anasema inaunguza mtama. Ni kweli?"

"Wewe unaonaje, Minza?"

"Sijui, Mwalimu."

"Utajuaje?"

Halafu Masanja, mtoto wa jirani yetu, mwenye mdomo usiolala, akasema, "Si tuoteshe tuone." Mwalimu akafurahi kama mtu aliyeletewa jogoo.

Akatugawa makundi mawili, akatupa matuta nyuma ya darasa, letu lenye samadi, la kina Masanja bila samadi. Mengine akatuachia tupange wenyewe. Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la Wasukuma hasa. Ukigawa watoto wa Kisukuma makundi mawili, umewaitia mbina, mashindano ya ngoma. Kabla jua halijazama sisi tulishakuwa Bagika na wao Bagalu, kama vile vyama vya ngoma vya wazee wetu, na kwenye mbina kila upande unatumia kila hila kuvuta watu waje kwake. Basi sisi tukawa tunaongeza samadi kila asubuhi, mbichi, bado inafuka. Kina Masanja wakamwagilia tuta lao kila walipopata upenyo, na jioni wanauimbia mtama wao. Wanauimbia kabisa, na kucheza wanacheza.

Mtama wetu uliota vizuri, ukawa manjano, ukalala chini; wa kina Masanja ukasimama.

"Minza, kamwambie mzee afunge mizigo," Masanja akanicheka. "Mkifika Geita mtusalimie."

Nililia, maana nilishawaona ng'ombe wetu wameshika njia. Mwalimu hakunibembeleza. Alituita wote kwenye matuta, akauliza, "Kwenye mbina, Bagika wakicheza kivulini wameshiba, Bagalu wakacheza juani na njaa, mtasema nani fundi?"

"Hiyo siyo mbina, Mwalimu," Masanja akajibu. "Lazima uwanja ufanane, na saa ifanane."

"Na hapa je?"

Masanja akaanza kucheka polepole. "Sisi tulimwaga maji mengi."

"Na sisi samadi ya usiku huohuo," nikasema.

"Sasa aliyeshindwa ni samadi, au ni nyinyi?" Akageuka, akatuacha tunazozana.

Tulizozana vizuri, wenzangu. Mimi nikakumbuka lile zizi letu la zamani, tulilolihama miaka ya nyuma. Maboga yalijiotea pale bila kupandwa na mtu, makubwa kama vichwa vya ndama. Mbona yale hayakuungua? Tukaamua matuta yawe matatu, moja halina kitu, moja lina samadi mbichi, moja lina samadi ya zizi la zamani. Mbegu za suke moja. Maji kibuyu kimoja kila tuta, siyo zaidi. Na tukabadilishana utunzaji, Bagalu washike matuta ya samadi, sisi tushike lile tupu, asiwepo wa kupendelea. Mwalimu alikuwa anasikiliza dirishani, wala hakuongeza neno.

Mtama ulipofika kifuani kwangu, nilimsumbua baba mpaka akapitia shuleni akitoka mnadani, fimbo begani.

"Shikamoo mzee," Mwalimu akamwamkia.

"Marahaba. Huyu mtoto hanipi usingizi. Uko wapi huo mtama?"

Akaenda moja kwa moja kwenye tuta la samadi mbichi, akagusa majani yaliyoungua. "Si nilisema."

"Ulisema kweli, baba," nikamwambia. "Hiyo ni mbichi. Tazama na ile ya zizi la zamani."

Baba akaizunguka ile mimea iliyonona, akashika bua, akainama akachimbua udongo kwa kidole. "Maji?"

"Sawasawa, kibuyu kwa kibuyu."

"Nani alitunza hii?"

"Mimi, mzee," Masanja akasema. "Na nilikuwa sitaki ishinde."

Baba akacheka, yeye ambaye hakuwa mtu wa kucheka. Njiani hakuitaja Geita. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Mwakani naweka samadi ya zamani nusu ya shamba. Nusu naiacha kama ilivyo. Na mimi nataka kuona." Nikaruka kama mwanambuzi, maana mtu anayetaka kuona mtama wa mwakani hahami mwaka huu.

Darasa la tano sikuchaguliwa, nafasi zilikuwa chache. Wajukuu zangu wamenipita mbali, wana picha za mimea kwenye simu, na mishale na majina. Nikiwauliza, mmeotesha? Wananijibu, "Bibi, hiyo ilishajulikana."

Sawa, ilishajulikana. Pengine hata wakati wetu kulikuwa na watu mahali fulani wanaijua. Lakini sisi hakuna aliyetuambia, na asubuhi zile nilikimbia peku kwenye umande, moyo unanidunda, sijui nitakuta nini kwenye lile tuta. Mashine ninazo, nyumba ya bati ninayo. Asubuhi kama zile, kama kuna anayeziuza, aje anitajie bei.