Bi Mkasi na Daktari wa Machinjioni

Bi Mkasi hakupewa jina hilo kwa sababu ya ushonaji peke yake. Kweli, ni fundi wa nguo, tena fundi hasa, wa kukutazama ukiwa mlangoni akajua kiuno chako bila tepu. Lakini mtaa mzima unajua kwamba mkasi wenyewe uko kinywani. Ukimpelekea suruali ya kupanua, atakuuliza kwanza ulikuwa unakula nini. Ukichelewa kuichukua, atakupasha mbele za watu mpaka utamani ardhi ipasuke uingie. Wateja wanavumilia, maana mshono wake hauachii.

Chumba cha mbele cha nyumba yake kina cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Cherehani ya dirishani ni yake. Ile ya ukutani, penye mwanga haba, ni ya mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee na mama wa mjukuu wake aliye shuleni. Mwana mwenyewe anaendesha malori ya masafa na nyumbani huja kama mgeni, kwa hiyo wanawake hawa wawili wameachiwa uwanja. Wateja wakiwepo, Bi Mkasi humwita mkwewe "mwanangu". Wakitoka, humwita "wewe".

Na kuna Karani. Huyu ni paka dume wa kijivu, mnene, mwenye tabia ya kukalia karatasi yoyote anayoikuta. Jina alipewa na marehemu mume wa Bi Mkasi, aliyekuwa karani wa mahakama, na kila jioni ilimbidi kumbandua paka juu ya majalada. Mume alipofariki, miaka sita iliyopita, Karani alilala juu ya viatu vyake wiki nzima, chakula hataki. Bi Mkasi alimlisha kwa kidole. Tangu hapo, kati ya viumbe vyote vinavyopita katika chumba kile, anayeambiwa maneno laini ni huyo mmoja tu, na ana mkia.

Sasa ilikuwa siku ya pili Karani hajala. Alijikunyata chini ya meza ya kukatia, akitapika povu, na ukimgusa tumbo anatoa makucha.

"Mama, tumpeleke kwa daktari," mkwe alisema.

"Daktari gani? Daktari amestaafu."

"Yupo mpya."

"Yule mpiga mihuri?" Bi Mkasi alitema pini alizokuwa amezibana mdomoni. "Miaka kumi na moja machinjioni, kazi yake kugonga muhuri kwenye mapaja ya ng'ombe. Nimpelekee Karani amgonge muhuri?"

Daktari wa zamani alikuwa mzee mpole, aliyemwita Karani "mheshimiwa" na kumkuna kidevu kabla ya kumdunga sindano. Huyu mpya, ilisemekana, hamkuni mtu wala mnyama. Alimwambia mama mmoja usoni kwamba mbwa wake haumwi, amenenepa tu, na mwenye mbwa vilevile apunguze kula. Habari ilizunguka mtaani kabla mbwa hajafika nyumbani. Bi Mkasi, ambaye amewaambia watu maneno hayohayo kwa miaka thelathini, alikereka sana.

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Yasiyosemwa yalikuwa mabaya zaidi.

Katika chumba kile kuna sheria. Kila jioni, kabla ya kufunga mlango, sindano za mkono zinahesabiwa ndani ya kibati chake, na lazima zitimie ishirini na nne. Sheria ilianza siku mteja mmoja alipoikuta sindano iliyosahauliwa kwenye sketi yake, akaikuta kwa kuikalia. Siku tatu kabla ya mazungumzo haya, sindano zilifika ishirini na tatu. Walikuwepo wateja wawili, mwalimu na muuguzi, wamekuja kujaribu nguo. Mbele yao Bi Mkasi alimsimamisha mkwewe katikati ya chumba, akamkung'uta gauni kama anayekung'uta mkeka, kisha akasema, "Mwanangu aliniambia ameoa mke. Kumbe ameoa pakacha, kila ukitiacho kinavuja."

Muuguzi alitazama dirishani. Tangu hapo, mpaka lilipokuja hili la paka, mkwe hakuwa amezungumza neno lolote lisilokuwa la kazi.

Asubuhi iliyofuata Bi Mkasi alimkuta Karani ananing'iniza kipande cha uzi mdomoni. Uzi mwekundu, uliopakwa nta. Katika chumba kile mtu anayepaka uzi nta ni mmoja tu, na amepiga marufuku mwingine yeyote kuugusa. Hapo akakumbuka: mchana uliopita alikuwa dirishani na sindano yenye uzi mapajani, jua likampiga, akasinzia. Mkono wa fundi ukiona uzi unaning'inia unauvuta, hauombi ruhusa kichwani. Akavuta. Paka akalia, uzi ukakaza. Akavuta tena kwa nguvu, ukakatika. Akabaki na kipande kirefu kama kidole, akakisokomeza mfukoni.

Angesema palepale. Lakini kusema kwamba sindano imo tumboni mwa paka ni kusema kwamba haikuwa mikononi mwa mkwe, na kwamba pakacha ni yeye mwenyewe. Neno kama hilo lilikuwa halijawahi kupita katika koo la Bi Mkasi. Akajiambia sindano itatoka yenyewe. Akangoja, na paka akazidi kudhoofu. Kumchukia daktari mpya kulimfaa sana.

Baada ya kumtukana daktari, Bi Mkasi alikuwa amekigeukia kioo ili asiutazame uso wa mkwewe; alipogeuka tena, mkwe alikuwa ameshika kikapu chenye kifuniko, na ndani ya kikapu kuna mngurumo.

"Nimeshamtia," mkwe alisema. "Ukitaka kubaki, baki."

Hakusema mama. Bi Mkasi alifuata shingo upande.

Zahanati ilikuwa nyuma ya duka la vyakula vya kuku. Ndani mlinuka spiriti na pumba. Daktari alikuwa pande la mtu, amevaa viatu vya mpira vifikavyo magotini, na mikono yake ilionekana ya kubeba magunia. Hakuinua uso.

"Mweke mezani."

"Huwa tunaanza na shikamoo," Bi Mkasi alisema.

"Shikamoo. Mweke mezani."

"Umewahi kutibu paka wewe, au unajua ng'ombe tu, tena waliokwisha kufa?"

"Waliokufa hawadanganyi," daktari alisema. "Nimefungua matumbo mengi kuliko suruali ulizofungua wewe. Mshike mabega, dada."

Mkwe alimshika. Daktari alimpapasa Karani tumbo kwa vidole viwili, taratibu mno kwa mikono ile, kisha akamfungua kinywa na kusukuma kidole gumba chini ya taya mpaka ulimi ukainuka. Akawasha kurunzi. Daktari wa zamani, kwa miaka yake yote ya mheshimiwa na kukuna kidevu, hakuwahi kutazama chini ya ulimi.

"Uzi," alisema. "Umezunguka shina la ulimi, umeingia mpaka nyama. Mwekundu."

Mkwe aliinama kutazama. Bi Mkasi alidakia haraka, "Nyumba ya fundi ina nyuzi kila mahali."

"Uzi una sindano?"

"Nitajuaje? Mimi nimo ndani ya paka?"

"Kuna mtu aliyeuvuta?"

"Hakuna."

Daktari alizima kurunzi. "Sikiliza, mama. Mashine ya picha sina. Nina vidole vyangu na maneno yako. Kama haukuvutwa, naukata hapa chini ya ulimi na kumwangalia mpaka kesho, pengine upite wenyewe. Ameshazeeka, dawa ya usingizi yenyewe yaweza kummaliza, simpi bila sababu. Lakini kama ulivutwa, namfungua sasa hivi. Wewe ni fundi. Uzi umeshikwa upande mmoja, ukauvuta upande wa pili, kitambaa kinakuwaje?"

Bi Mkasi alijua, akajitia kurekebisha kifuniko cha kikapu.

"Kinajikunja marinda," mkwe alisema polepole.

"Na ukizidi kuvuta?"

"Kinachanika."

"Ndivyo utumbo. Mficha uchi hazai, mama. Uzi ulivutwa au haukuvutwa?"

Bi Mkasi alihisi kipande kile cha uzi mfukoni kinamchoma. Alimchukia daktari kwa viatu vyake, kwa sauti yake, kwa kuuliza mara mbili. Zaidi ya yote alimchukia kwa kuuliza mbele ya mkwe.

"Nionyeshe mshono wako," alisema.

"Nini?"

"Unataka kumchana paka wangu. Mimi simpi kitambaa fundi ambaye sijaona mshono wake."

Daktari aliweka kurunzi mezani. Akamwelekeza kwa kidevu kwenye chumba cha nyuma, ambako mbwa wa kahawia alilala ndani ya tundu la waya, ubavu umenyolewa. Bi Mkasi alichutama, akavaa miwani yake ya kazi. Kidonda kilikuwa kirefu na chenye kona. Mishono ilikuwa sawasawa, imekaza bila kukunja ngozi, na kila mmoja umefungwa na kukatwa peke yake.

"Mbona kila mshono una fundo lake? Uvivu wa kushona mfululizo?"

"Mfululizo ukikatika mahali pamoja, yote inafunguka. Hivi mmoja ukikatika, mingine inabaki."

Yeye pia, penye mvuto mkubwa, kwenye kwapa na kwenye mifuko, hushona hivyohivyo na hakuna mteja aliyewahi kujua. Mtu anayejipa kazi ya ziada mahali pasipoonekana, si mtu wa kubahatisha.

"Hapo kwenye kona pamepinda," alisema.

"Mbwa alikuwa anapumua," daktari alijibu.

Alirudi mezani. Karani alikuwa ameacha kupigana. Kichwa chake kilikuwa kimelala juu ya kiganja cha mkwe, macho nusu wazi, na hilo la kuacha kupigana ndilo lililomvunja Bi Mkasi. Alitia mkono mfukoni, akatoa kile kipande cha uzi, akakiweka juu ya bati la meza.

"Niliuvuta," alisema. "Mara mbili. Juzi asubuhi. Na sindano imo."

Mkwe aliutazama uzi. Mikono yake haikuachia mabega ya paka, lakini vidole vilibadilika rangi kwenye kucha.

"Sindano yako, mama?"

"Yangu."

"Ulijua tangu juzi."

"Tangu juzi."

"Gombaneni nje," daktari alisema, akivuta dawa kwenye bomba la sindano. "Humu nina paka."

Walikaa kwenye benchi la duka, kati ya magunia ya pumba. Wenye kuku waliingia na kutoka. Bi Mkasi alitafuta la kusema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mkasi uligoma. Saa nzima ikapita hivyo.

"Ulinikung'uta gauni," mkwe alisema hatimaye, akitazama mbele. "Mbele ya mwalimu wa mtoto wangu."

"Ninajua."

"Hujui. Ungejua usingemwacha paka afe ili mimi nibaki pakacha."

Bi Mkasi alimgeukia. "Nisamehe, mwanangu."

"Hilo la mwanangu ni la wateja," mkwe alisema. "Basi waambie wateja. Kesho wanakuja kuchukua nguo, wote wawili."

Daktari alitoka na kibakuli cha bati. Ndani yake kulikuwa na sindano, imekuwa nyeusi, na mkia wa uzi mwekundu.

"Utumbo ulikuwa umeanza kutoboka mahali pawili. Nimeziba. Usiku wa leo ndio wenyewe, akiupita atakula keshokutwa. Mngeniletea juzi, ingekuwa kazi ya dakika kumi." Alimkabidhi Bi Mkasi kibakuli. "Na mngengoja mpaka kesho, ningekuwa na kazi niliyoizoea machinjioni."

Hakumpa pole. Bi Mkasi alitaka kumtukana, akatafuta sababu, akaikosa.

"Umemnyoa kama mwizi," alisema tu, alipomwona Karani kupitia mlango, tumbo wazi, ulimi nje, anapumua.

Kesho yake zahanati ilituma habari kwamba paka ameuona mchana. Bi Mkasi alikaa dirishani, kibati cha sindano mapajani, ishirini na nne ndani yake, ile nyeusi ikiwamo, akazihesabu mara tatu bila haja. Mkwe alikuwa ukutani, anakanyaga cherehani bila kuinua kichwa.

Saa kumi waliingia pamoja, mwalimu na muuguzi. Mwalimu alijaribu gauni lake mbele ya kioo, akasifu mabega. Muuguzi aliuliza kama nguo yake imepigwa pasi. Bi Mkasi alizikunja nguo zote mbili kwa uangalifu usio wa kawaida, akazitia kwenye mifuko, akawapa. Walishukuru. Walifika mlangoni. Mwalimu alikuwa ameshaweka mguu mmoja nje.

"Ngojeni," Bi Mkasi alisema, na sauti ikamtoka nyembamba, kama si yake. "Ile sindano ya siku ile."

Cherehani ya ukutani ikanyamaza.

"Mimi ndiye niliyeipoteza. Nilisinzia nayo. Huyu hakuigusa. Nilipokuja kujua, nikanyamaza, nikawaacha mbaki na neno baya juu yake."

Wateja walitazamana. Muuguzi akasema, "Ah, mama, yamekwisha hayo," kwa namna watu wanavyosema wanapotaka kutoka.

"Hayajaisha," mkwe alisema kutoka ukutani. "Amalizie."

Bi Mkasi alichukua kibati, akasogea mlangoni. "Niliyemwita pakacha siye," alisema. "Pakacha ni mimi."

Walipoondoka alibaki amesimama pale mlangoni, amezipa mgongo cherehani zote mbili, akingoja mkwe aseme chochote, hata tusi. Hatimaye akasikia kiti kikisogezwa. Mkwe alipita pembeni yake, akachukua kibati kutoka mkononi mwake, akakaa mezani na kuanza kuzihesabu sindano upya, moja moja, yeye mwenyewe.