Mbwa Aliyefuliwa Mara Saba

Watu wa mji wetu wa Kasongo wakipita mbele ya baraza yangu huuliza, "Fundi, leo umeshona mnyama gani?" Wengine wanauliza kwa mapenzi, wengine kwa kunicheka, nami nawajibu wote sawasawa: ingia uone, kutazama hakulipiwi. Nashona sare za shule na magauni ya harusi kama fundi yeyote, lakini jina nimelipata kwa mablanketi ya viraka yenye sura za wanyama wa watu. Mbuzi, bata, njiwa, paka wa bibi mmoja aliyezoea kulala juu ya gunia la mchele. Mtu ananiletea picha kwenye simu, au ananieleza tu kwa mdomo, nami napekua masalio ya vikwembe, yaani vitenge, mpaka nipate rangi inayokaribia manyoya.

Nilianza kwa hasira. Ndoa yangu ilikuwa imekwisha, nimerudi kwa mama, na wateja nilikuwa nao wawili watatu. Siku moja mbuzi wa jirani akaingia uani akatafuna pindo la gauni la bibi harusi. Nilimfukuza mpaka barabarani, nikarudi nikitetemeka. Nikachukua kile kipande alichokiharibu, nikakikata sura yake mwenyewe, kidevu na ndevu zake, kitambaa kimejaa mdomoni, nikakishonea juu ya blanketi na kulitundika nje ili jirani apite aone aibu. Jirani akapita. Akasimama, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniomba nimuuzie. Eh! Mimi namtukana, yeye anaona nimempa sifa.

Mama yangu hakulipenda jambo hilo. Nyumba yetu ni ya watu wa sala tangu mababu, na ndani yake haijawahi kutundikwa picha ya kitu chenye roho. Hata hivyo aliona kazi inaleta watu, na mimi nimeanza tena kula vizuri. Basi akaweka sheria yake: ndani nishone ninachotaka, lakini macho nisitie. Mnyama asiye na macho, alisema, ni kitambaa tu. Macho nitayatia barazani, au nyumbani kwa mteja mwenyewe. Sikubishana. Mama akishataja dini, hata mwenye mdomo kama wangu anafunga. Na wateja wakaipenda sheria hiyo kuliko mimi. Wanakaa kunizunguka, watoto wanasukumana, na jicho la pili likiingia wanapiga makofi.

Tukagawana kazi. Mimi nakata sura na kuishonea kwa mashini. Mama anaunganisha tabaka tatu kwa sindano ya mkono: viraka juu, nguo kuukuu katikati ili blanketi lipate joto, na kitambaa laini chini. Mshono wake ni mdogo, utautafuta kwa kucha.

Msimu wa mvua uliopita alikuja mama mmoja anayeuza unga wa muhogo sokoni. Yeye na mumewe walitoka machimboni Salamabila. Mume alikuwa mchimbaji wa dhahabu mpaka jiwe lilipompasukia usoni likamwacha hana macho. Walikuja Kasongo kwa sababu dada wa huyo mume anaishi hapa, na mbwa wao walimpakia kwenye kapu nyuma ya pikipiki. Huyo mbwa ndiye aliyemrudisha mume barabarani. Kamba mkononi, alikwenda naye kwa kinyozi, sokoni, na kwa wanaume wanaocheza dama. Sasa mbwa alikuwa amekufa kwa uzee, na mume hajavuka mlango tangu siku ile.

"Kila siku alikuwa ananiambia: kesho nitatoka," yule mama aliniambia. "Sasa hata kesho hasemi tena. Dada, mume wangu ananifia akiwa amekaa kwenye kiti."

Alitaka blanketi lenye sura ya mbwa, mumewe apate kitu cha kushika. Alileta picha moja, na ndani ya mfuko, koti la zamani la mgodini ambalo mbwa alilifanya kitanda chake. Liwekwe katikati ya blanketi, alisema, na tafadhali nisilifue. Harufu yake iko mule. Niliupokea mfuko ule kwa vidole viwili, maana mbwa na mimi hatujazoeana, nikaufunga vizuri na kumwelekeza mama yangu: koti hili liingie katikati kama lilivyo.

Kazi yenyewe niliifanya kwa moyo wote. Nilipata kikwembe cha rangi ya kahawia chenye mistari myembamba, nikakipanga mistari ifuate mbavu. Kifua nilikifanya cheupe kwa masalio ya kanzu. Nikaweka nyuma yake majani, kilima chekundu na kipande cha anga. Sijawahi kushona kitu kizuri namna ile, na nilijua. Mama akafunga tabaka zake uani kwa siku kadhaa, nikalikunja blanketi nikaenda kwao, yule mama wa unga akanipokea mlangoni.

Mume alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na ukuta, mtu mkubwa wa mabega, shati limepigwa pasi. Nilimwamkia, nikakaa mkekani na kutoa sindano, kwa sababu macho yalikuwa yamebaki. Akasikia uzi unavyopita.

"Fundi, unafanya nini?"

"Natia macho."

"Yangu ao yake?"

Nilimalizia jicho la pili, nikamwekea blanketi mapajani. Akapitisha viganja vyake juu yake, polepole, kutoka pindo mpaka pindo. Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Kilima, anga, mistari ya mbavu, vyote vilikuwa rangi tupu. Chini ya vidole vyake palikuwa na kitambaa bapa na mishono. Akalinyanyua mpaka puani, akanusa hapa, akanusa pale, akalizungusha upande wa pili.

"Hii iko sabuni," akasema. "Na udongo."

Akalikunja vizuri, kona juu ya kona, akamkabidhi mkewe na kumwambia anishukuru. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mkewe alinitazama tu, nami nikaapa pale pale kwamba sikulifua koti lile, nikijua tayari ni nani aliyelifua.

Mama nilimkuta uani anachambua mchele. Nilimuuliza nikiwa bado mlangoni. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba ndiyo, alilifua, mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama tulivyofundishwa kwa kitu kilichoguswa na mbwa. Angeniacha vipi nikae na kitu kile kazini kutwa, kisha nisimame kusali? Alitaka kunilinda, akasema, na mama gani hamlindi mtoto wake? Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoa vichwa. Nilimwambia amemfuta mbwa wa watu duniani, na mengine ambayo sitayaandika. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza yule mwanamume alisema nini hasa, na mimi nikamweleza yote, sabuni na udongo, na lile swali la macho. Mama akaweka ungo chini, akaingia ndani. Mama yangu akinyamaza, ujue kuna jambo linapikwa.

Asubuhi nilimkuta amevaa vikwembe vyake vya kwendea harusini, kimoja kiunoni, kingine kichwani na mabegani, na mwavuli mkononi.

"Twende," akasema.

Nikamuuliza wapi.

"Kwa yule niliyemufulia mbwa wake."

Tulipopiga hodi, mke alikuwa anachekecha unga, na mume yuko palepale kwenye kiti. Mama alikataa kigoda mpaka aseme kilichomleta.

"Mwanangu, ni miye nilifua lile koti. Kwetu mbwa iko hivyo, hatumugusi. Nilitaka kumukinga mutoto wangu, nikakuondolea kitu chako. Naomba unisamehe."

Yule bwana akageuza uso kwenye sauti ya mama, nami nikaanza kutafuta mlango kwa macho. Akauliza, "Mulifua mara ngapi?"

"Saba."

Akacheka. Kicheko kilimtoka tumboni kikamtikisa mabega, na mkewe akaacha chekecheo likae. "Mara saba! Kule mugodini, miye mwenyewe sijaoga hivyo!" Mama naye, mtu wa haya, akafunika mdomo kwa kikwembe akacheka.

Ndipo akakaa na kumuuliza yule bwana mbwa wake alikuwaje. Bwana akaeleza kwa mikono: mkia uliojikunja, kovu ubavuni la urefu wa kidole kimoja, na sikio la kushoto lililopasuliwa na fisi au na mbwa mwenzake, hakujua, akiwa bado mdogo. Sikio hilo ndilo alilokuwa akilishika wakipumzika. Kwenye picha ya simu upande huo hauonekani, na mimi nilikuwa nimeshona masikio mawili mazima. Nilimwambia naweza kumshona mbwa upya, ainuke juu ya kitambaa, nimjaze sufi ndani, kovu liwe kovu na sikio liwe sikio. Lakini lazima mkono wake uwe pale ninaposhona, anielekeze.

Uso wake ukakunjika. Akasema nilete kazi pale nyumbani kwake. Nilitaka kumjibu kwamba inawezekana, mashini inafungwa juu ya baiskeli mara moja tu, lakini mama alinikanyaga mguu kwa nguvu nikameza maneno.

"Mashini yake ni chuma," mama akasema. "Haitoki."

"Basi na miye sitoki." Sauti yake ilikuwa ya upole. "Mama, musinione mubaya. Nikiwa na mbwa nilikuwa mutu anayetembea na mbwa wake. Sitapita Kasongo nikishikwa mukono kama mutoto."

Mkewe alitazama sakafu. Nilifahamu kwamba hiyo ndiyo sentensi aliyokuwa akiisikia nyumbani kwake kila alipomnyooshea mkono.

"Nani amesema atakushika mukono?" mama akamwuliza. "Dini yangu hainiruhusu. Lakini nimezeeka, njia iko na matope, na huyu binti yangu anatembea kama anafukuzwa. Nataka mutu wa kwenda naye polepole." Akasimama, akashusha ncha ya kikwembe cha begani, akamwekea karibu na vidole. "Shika hapa."

Mkono wa bwana ulibaki hewani. Sote tulisubiri, mke na unga mpaka viwikoni, mimi nikiomba Mungu kimoyomoyo nisiseme kitu. Vidole vikagusa nguo, vikaipima unene wake. Kisha akaizungusha mara moja kwenye kiganja, akainuka.

Tulitoka. Mimi nilibaki nyuma na mwavuli, nalia wazi wazi bila haya, na kila pikipiki iliyokuja kwa kasi niliipigia kelele ipunguze. Mke hakuja nasi. Alisimama mlangoni ameshika chekecheo, na kila nikigeuka nilimwona bado yupo.

Mbele kidogo maji ya mvua yamechimba mtaro, watu wameweka ubao. Mama alikuwa karibu kuukanyaga aliposikia nguo inavutwa begani.

"Mama," bwana akasema, "yeye alikuwa anasimama penye kila mutaro."

Mama yangu, ambaye maisha yake yote alihama upande wa barabara akimwona mbwa anakuja, alisimama. Akangoja mpaka mguu wa yule bwana ukaupata ubao, ndipo akavuka. Kwenye mtaro wa pili hakusubiri kuambiwa. Karibu na msikiti, mzee mmoja tunayesali naye alishangaa kumwona, akamuuliza anampeleka wapi huyo.

"Yeye ndiye ananisindikiza," mama akajibu, na wakaendelea.

Tulipofika barazani kwangu, bwana aliiachia nguo, akatafuta kwa viganja ukingo wa meza, gurudumu la mashini, kisha benchi, akakaa. Vijana waliokuwa wakipita walimwita kwa furaha, akawapungia mkono bila kujua wako wapi hasa. Nilitandika kitambaa mbele yake nikamuuliza tuanze wapi.

"Sikio la kushoto," akasema. "Pale ulikosea."