Kipande Kilichogeuzwa Mgongo

Aibu hii nimeificha hata nimechoka, na kwa kuwa Munje nzima inaijua, afadhali niisimulie mwenyewe nisije nikazidishiwa mizunguko: ilikuwa saba, nimeihesabu mara mbili.

Bendera mpya ya uhuru ilikuwa haijachuja rangi, nami nilikuwa na pikipiki kuukuu niliyoinunua kwa mzungu wa mkonge aliyekuwa akifungasha kurudi kwao (bei alitaja yake, nikalipa yangu). Ikawa inakohoa. Fundi wetu wa Ukunda akasema kabureta yataka kufunguliwa, nikambembeleza apunguze ujira, akakataa katakata, nikaona basi, kwani yeye ana mikono mingapi? Nikatandika jamvi, nikafungua vipande kumi na sita, nikaviosha kwa petroli, nikarudisha kumi na sita (kimoja kilikuwa kibishi, nikakilazimisha), nikahesabu tena, hakuna kilichobaki jamvini, nikajiona fundi.

Kesho yake Mjomba Hamisi alikuwa apeleke barua yangu ya posa kwa Mzee Bakari kule Munje, babake Mwanaisha. Mnaijua desturi: mposaji haonekani uwanjani siku hiyo, kwa hiyo nilikuwa nimshushe mjomba mbali, kwenye minazi, kisha nijifiche. Tulipofika kwenye minazi nikaachia mkono wa mafuta ili tusimame, pikipiki ikazidi kukimbia. Nikashika klachi, injini ikapiga ukelele hata nikaiachia kwa hofu. Breki nazo zilikuwa za kuombwa. Swichi ya kuzimia ilikuwa imekufa zamani; nikafunga koki ya petroli, lakini iliyomo kwenye kabureta lazima iishe kwanza, na uwanja wa Mzee Bakari ulikuwa umeshatufikia, basi kwa kuogopa kugonga mtu nikaizunguka nyumba.

Mjomba, kilemba kimemfunguka, hakuiacha kazi aliyotumwa. Mzunguko wa kwanza akapiga hodi, wa pili akatoa salamu (aliitikiwa tukiwa nyuma ya jiko), wa tatu akasema tumekuja kwa heri. Kuku walikuwa wameshahamia juu ya paa.

"Na huyo anayekuendesha ni nani?" akauliza Mzee Bakari.

Jibu lilifika mzunguko uliofuata. "Dereva tu."

Nikavuta kofia usoni, nikabakisha jicho moja la kuendeshea. Wa tano mjomba alinyoosha barua ndani ya leso yake, Mzee akaikosa. Wa sita Mzee akaidaka. Wa saba petroli ikaisha, pikipiki ikazima mbele ya baraza, na katika kimya kile nikasikia kicheko dirishani, cha Mwanaisha.

Mzee akaisoma barua yote, kisha akarudi akaisoma upya.

"Posa nimeipokea," akamwambia mjomba. "Dereva wako simtaki hapa tena. Na huyo bwana harusi mwambie, siku ya nikahi aje kwa miguu."

Fundi alipoifungua kabureta alinionyesha kipande kimoja tu, kile kinachopanda na kushuka ukivuta mafuta: nilikitia mbele nyuma, kikakwama juu. Vyote kumi na sita vilikuwamo. Kuhesabu najua; kutazama ndiko nilikokuwa sijajifunza. Tangu hapo kabureta siigusi, na ujira wa fundi nalipa kama alivyoutaja.

Siku ya nikahi, maili za Ukunda hadi Munje nilizitembea zote, na kanzu yangu. Na neno la kwanza aliloniambia mke wangu tulipobaki wawili, lilikuwa kuniuliza yule dereva nimemwacha wapi.